Anti, hii digrii ya kuchanganya masomo itanipa kazi kweli?

SWALI: Shikamoo Anti. Nimechaguliwa vyuo viwili, kimoja ni takwimu tupu, kingine ni kozi mpya wanachanganya mazingira, takwimu na sera. Moyo wangu uko kwenye hiyo ya pili maana hesabu nazipenda ila napenda pia kujua zinaenda kufanya nini. Sasa baba mdogo ambaye ndo atanilipia ada anasema njia mbili zilimshinda fisi, sembuse tatu, eti siku ya intavyuu nikiulizwa we ni nani ntajibu nini? Na mi nikikaa nikifikiria naona ana pointi. Nifanyeje? – Binti wa njia panda

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo swali la baba mdogo, "we ni nani", lichukue kwa uzito kabisa, anakupenda na ameuliza jambo la maana. Ila kabla hujachagua ngoja nikupe kisa cha kweli.

Mwaka 1956 kule Cape Town hospitali ya Groote Schuur ilikuwa inahitaji mwanafizikia wa kusimamia mambo ya mionzi, wakamchukua Allan Cormack, mwalimu wa fizikia chuo kikuu, akawa anaenda siku moja na nusu kwa wiki. Hakuwa daktari. Sasa kukaa kwake pale anaangalia wanavyopanga dozi ya mionzi kwa wagonjwa wa kansa, akagundua chati zao zinapiga hesabu kana kwamba mwili mzima ni kitu cha aina moja, wakati humo ndani kuna mfupa, kuna pafu limejaa hewa, kuna nyama, na kila kimoja kinazuia mionzi kivyake. Akajiuliza, nitajuaje kilichomo ndani bila kupasua? Akaligeuza likawa swali la hesabu, kwamba ukipitisha eksirei kutoka pembe nyingi unaweza kukokotoa nukta moja moja ya ndani. Akachapisha kwenye jarida la fizikia 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeshtuka, maana wenye shida hiyo walikuwa hospitalini, sio kwenye jarida la fizikia. Mhandisi wa Uingereza, Godfrey Hounsfield, akafika hapohapo kwa njia yake bila kujua kazi ya mwenzie, na 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo London kwa mashine ambayo leo tunaiita CT skani. 1979 wote wawili wakapewa Nobel ya tiba, na hakuna daktari kati yao!

Kwa hiyo ona, Cormack alibeba fizikia iliyoshiba. Angekuwa na fizikia ya kuonja na udaktari wa kuonja ile hesabu ingemshinda, na angebakia darasani kwake lile swali asingekutana nalo maisha yake yote. Unahitaji vyote viwili, fani moja iliyokukaa, na kuingia chumba cha watu wengine ukawasikiliza.

Hivo chukua orodha ya masomo ya hiyo kozi mpya, ya miaka yote sio mwaka wa kwanza tu, uangalie takwimu inaishia wapi. Kama inaendelea mpaka mwaka wa mwisho, kuna sampuli, kuna regresheni (kupima jambo moja linavyobadilika likifuata jingine), kuna kuandika programu, nenda bila wasiwasi. Kama inaishia kwenye utangulizi basi chagua takwimu tupu alafu uombe masomo ya mazingira kama ya ziada. Na uliza kama kuna projekti ambayo walimu wa idara mbili wanamsimamia mwanafunzi mmoja, kwa sababu kozi nyingine zinapanga tu masomo kwenye ratiba, kukutanisha wanakuachia wewe.

Kuhusu intavyuu, kuna dada mmoja nilimsaidia kujiandaa, amesoma mchanganyiko kama huo wako. Alikuwa na data za mvua zina nafasi tupu nyingi, wenzie wa komputa wakazijaza sufuri. Yeye alishaenda kwenye kipimo cha mvua akashika lile daftari kwa mkono wake, akawaambia sufuri ni siku kavu, nafasi tupu ni siku ambayo hakuna mtu aliyekwenda kupima. Wakarudia hesabu yote, ukame waliokuwa wanauona haukuwepo. Alipoulizwa we ni nani akawahadithia hiyo, dakika mbili tu, na kazi akapata.

Hiyo orodha ya masomo ukaisome pamoja na baba mdogo, mkalishe, msikilize pia.

SWALI: Anti niko mwaka wa pili sayansi ya komputa, natamani somo la saikolojia idara ya jirani ila naogopa litanishushia GPA.

JIBU: Chukua. Kuna mwanasayansi wa Uingereza, Demis Hassabis, alianza na komputa, akafanya udaktari wa falsafa kwenye mambo ya ubongo akamaliza 2009, na 2024 akapata Nobel ya kemia pamoja na mwenzake John Jumper kwa programu inayotabiri maumbo ya protini. Ila waulize ofisi ya taaluma kama unaweza kulisoma bila alama zake kuingia kwenye GPA, vyuo vingine vinaruhusu, na usiliweke simesta moja na projekti yako kubwa, utaumia bure.