Lulu za Kuvaa Kila Siku: Maswali Yenu Kuhusu Bangili

Nataka bangili ya lulu ya kuvaa kazini kila siku. Nimeambiwa akoya, aina ya lulu za baharini, ndiyo bora kuliko zote. Ni kweli?

Kwa shingoni sibishi. Kwa mkononi, hapana. Mkono hugonga meza, huingia na kutoka kwenye mkoba, husuguana na nguo kutwa nzima. Hapo cha kuangalia si jina la lulu bali unene wa tabaka lake. Akoya hufugwa kwa kupandikiza ndani ya chaza gololi ndogo iliyochongwa kutoka ganda la kome, na chaza huizungushia tabaka ambalo mara nyingi halizidi nusu milimita. Likilika, gololi hutokeza, na hakuna fundi wa kulirudisha.

Lulu za maji baridi, ambazo nyingi hufugwa China ndani ya kome wa mabwawani na maziwani, kwa kawaida huanzishwa kwa kijipande cha nyama ya kome, bila gololi. Kwa hiyo ni lulu karibu mpaka katikati. Ikichubuka juu, chini bado kuna lulu. Bei yake ni nafuu pia. Kasoro yake ni kwamba zilizo duara kamili si nyingi, na mng'ao wake mara nyingi ni mpole kuliko ule mkali wa akoya. Mimi bangili ya kila siku ningeitungia hizi, za milimita 6 au 7, na zile zilizopinda kidogo nisizitupe. Mikwaruzo haionekani upesi kwenye lulu isiyo duara.

Bibi aliniachia akoya nne na lulu moja ya Tahiti. Naweza kuzichanganya na za maji baridi kwenye uzi mmoja?

Unaweza, tena ndiyo njia nzuri ya kuzivaa badala ya kuzifungia sandukuni. Zipange zote kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha, mchana, kwa sababu taa ya njano hudanganya. Watu wengi huanza na rangi. Anza na mng'ao. Tazama kivuli cha dirisha juu ya kila lulu: kwenye akoya nzuri utaona kingo za fremu zimekatika vizuri, kwenye lulu hafifu utaona doa jeupe lenye ukungu. Nyeupe na kijivu zenye mng'ao unaolingana hukaa pamoja bila shida. Nyeupe mbili zenye mng'ao tofauti zikikaa jirani, moja itaonekana chafu.

Ukubwa nao uende kwa hatua. Lulu za Tahiti huanzia kama milimita 8, na ikipachikwa ghafla kati ya lulu za milimita 5 hutokeza kama nundu. Pitia 6, kisha 7, ndipo uifikie.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kifungio, kwa kuwa ndicho kizito, hushuka upande wa chini wa mkono, ule unaogusa meza unapoandika. Kwa hiyo weka za maji baridi pande zote mbili za kifungio, ndizo zipokee kipigo. Akoya za bibi na ile ya Tahiti zikae mkabala wake, juu ya mkono, zinakoonekana.

Nimeona lulu nyeusi za maji baridi kwa bei ndogo sana. Ni sawa na za Tahiti?

Hapana. Nyeusi ya Tahiti hutoka kwa chaza mwenyewe, mwenye midomo myeusi. Ile ya maji baridi karibu kila mara imetiwa rangi. Chungulia kwenye tundu: rangi ikiwa imejikusanya pale pembezoni, umepata jibu. Si kosa kuinunua, mradi umeuziwa kwa jina lake.

Mkono wangu una sentimita 16. Nilitunga lulu za milimita 9 kwa urefu wa sentimita 18, na bangili inabana! Nimekosea wapi?

Umesahau unene wa lulu zenyewe. Uzi hupita katikati ya lulu, lakini ngozi yako inagusa upande wa ndani. Zidisha kipenyo cha lulu kwa 3.14 ujue kinacholiwa: kwa milimita 9 ni karibu sentimita 2.8, kwa hiyo ndani ulibakiwa na kama sentimita 15.2. Unahitaji mzunguko wa karibu sentimita 20 ili ipate kucheza kidogo. Ungetumia za milimita 6, sentimita 19 zingetosha. Kifungio kihesabu humo humo.

Uzi wa mpira au wa hariri?

Hariri, na fundo kati ya kila lulu na lulu. Mpira ni rahisi kuvaa, ila lulu hugusana na kusagana matunduni, na ukikatika zote zinatawanyika sakafuni. Kwenye mafundo utapoteza moja, labda mbili. Hariri hulegea ikilowa, kwa hiyo vua bangili unapoosha vyombo. Siku utakapoona uwazi kati ya fundo na lulu, mpelekee fundi aitunge upya.

Naweza kupachika mawe ya rangi katikati?

Angalia ugumu. Kwenye kipimo cha Mohs lulu iko kati ya 2.5 na 4.5; amethisto, kama kwatsi zote, iko 7. Jiwe litashinda kila siku. Ukilipenda mno, weka fundo kubwa kila upande, au kipande laini cha dhahabu.

Manukato yanaharibu lulu kweli?

Ndiyo. Lulu ni kalsiamu kaboneti kwa sehemu kubwa, na tindikali huila: ndimu, siki, hata jasho likiachwa. Jipulizie kwanza, subiri pakauke, ndipo uvae. Jioni ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Sabuni kali usiiguse.

Na saa yangu ya chuma?

Mkono mwingine.