Kamera Zote Hizo kwa Uso Mmoja?

SWALI: Naigiza jukwaani hapa Bagamoyo. Rafiki yangu hunirekodi uso kwa simu, kisha katuni ya kompyuta inaongea kama mimi. Lakini nikibinua midomo au nikivimbisha mashavu, katuni inabaki bapa. Nasikia studio kubwa hutumia kamera nyingi kwa uso mmoja. Za nini? Na sisi wenye simu tufanyeje?

JIBU: Midomo ukiibinua inakuja mbele, kuielekea lenzi, na huo ndio mwendo ambao simu iliyo mbele yako haiupimi vizuri. Programu inabahatisha. Jaribu kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umefumba jicho moja, utaielewa shida yake. Kamera ya pili ikikaa pembeni, kinyweleo kilekile huonekana kutoka pande mbili, na kompyuta, ikijua kila kamera iko wapi, hupiga hesabu kikapatikana kimesogea mbele kiasi gani. Nyingine huongezwa kwa sababu pua huficha shavu na uso hugeuka.

Kwenye filamu ya The Matrix Reloaded (2003) nyuso za waigizaji Keanu Reeves na Hugo Weaving zilirekodiwa kwa kamera tano, bila alama za kubandika usoni. Mchezo wa kompyuta wa L.A. Noire (2011) ulitumia kamera 32, mwigizaji ameketi kitini, mwili ukarekodiwa siku nyingine. Mimi njia hiyo siipendi. Uso ulitoka na kila mkunjo, lakini shingo na mabega havikubaliani nao, na wewe wa jukwaani unajua hasira huanzia kifuani. Afadhali kofia yenye kamera ndogo mbele ya uso, kama ya filamu ya Avatar (2009): mwigizaji anakimbia, analia, anamshika mwenzake, na uso unarekodiwa papo hapo. Filamu ya pili, ya 2022, iliweka kamera mbili kwenye kofia hiyo.

Kwenu, simu tatu zatosha kuanzia: moja mbele, mbili pembeni usawa wa mashavu, zote kwa idadi ileile ya picha kwa sekunde. Fungeni fokasi na mwanga visijibadilishe. Chapisheni miraba myeusi na myeupe kama ya drafti, mbandike kwenye ubao mgumu, maana karatasi ikipinda vipimo vinaharibika. Izungusheni mbele ya simu zote kabla ya kuanza, ili kompyuta ijue kila simu iko wapi. Baada ya hapo mtu asiguse simu. Ikisogea kidogo tu, rudieni. Pigeni kofi moja mahali ambapo simu zote zinaona, mpate pa kuoanishia video zote.

Halafu jasho. Kwa joto la Pwani paji la uso litang'aa, na mng'ao huo kila kamera huuona mahali tofauti. Kompyuta hudhani ngozi imesogea. Futa, paka poda isiyong'aa, tandazeni shuka jeupe mbele ya taa. Kila mkianza, rekodini kwanza uso wako umetulia, midomo imefungwa, kwa sekunde chache. Programu itapimia mengine yote kuanzia hapo.