Maswali na Majibu: Fuata Shamba, Jina Litakupoteza

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenzetu waliooa au kuolewa Marekani, na karibu zote zinauliza habari za Virginia ya wakoloni wa Kiingereza. Nimechagua chache. Nyinyi mnaoniandikia "nitafutie babu yetu, aliitwa John, alikuwa na ardhi", bila kaunti, bila mwaka, bila jina la mke, msingoje jibu. John wa Virginia ni sawa na Juma wa Tanga.

*Shikamoo mzee. Babu wa kwanza wa ukoo wa mume wangu yumo kwenye hati ya ardhi ya 1653. Hati hiyo tuliinakili kutoka nasaba ya mtu mtandaoni. Mawifi wanasema huo ndio mwaka aliofika kwa meli. Tuandike hivyo kwenye nasaba ya watoto?* (Mama wawili, Minneapolis)

Marahaba binti yangu. Msiandike bado. Waulize mawifi: jina limekaa wapi kwenye hati? Kama liko juu, ndiye aliyepewa ardhi. Kama liko kwenye orodha ya chini, yeye ndiye aliyelipiwa nauli na ardhi ikaenda kwa mwingine. Tangu 1618 utaratibu wa Virginia ulikuwa ekari 50 kwa kila kichwa kilichovushwa bahari, na mwenye haki ni yule aliyetoa nauli. Basi vichwa vikageuka bidhaa. Vyeti vya haki hiyo ya ekari viliuzwa na kuuzwa tena, manahodha walidai ekari kwa mabaharia wao, na mtu mmoja aliweza kudaiwa na watu wawili. Cheti kikilala sandukuni miaka mitano, hati itabeba mwaka wa ardhi na meli haitaonekana kabisa. Kwa hiyo hati ya 1653 inakuambia kwamba kufikia mwaka huo kuna mtu alidai kwamba mwenye jina hilo amevuka. Basi.

Halafu unasema mmeinakili kutoka nasaba ya mtu mtandaoni. Hilo nimelikemea mpaka koo limekauka. Picha ya hati yenyewe inapatikana bure kwenye tovuti ya maktaba ya jimbo la Virginia. Ifungue.

*Ukoo wa mke wangu una nembo yenye simba wawili. Inathibitisha walikuwa mabwana Uingereza?*

Hapana. Nembo ya Kiingereza hupewa mtu na wazao wake, haipewi kila mwenye jina hilo. Aliyewauzia bango amewauzia bango.

*Wosia umeandikwa Novemba 1731, mahakama ikauthibitisha Februari 1731. Karani alikuwa amelewa?*

Karani alikuwa timamu. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza na makoloni yao ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari hiyo ilikuja baada ya Novemba na sisi tungeiita ya 1732. Hata George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya wakati ule, na leo tunasema tarehe 22 Februari 1732. Swali hili linaletwa kila mara. Likatieni karatasi mlibandike ukutani.

*Kwenye kitabu cha mahakama wapo wawili, "mkubwa" na "mdogo", jina moja. Ni baba na mwana?*

Huenda. Huenda pia ni mtu na mpwa wake, au majirani wasio na undugu wowote. Karani alitaka tu kutofautisha umri, na mkubwa akifa, mdogo hupanda cheo.

*Mzee, wosia wa 1748 unawataja watoto wanne lakini kifungua mimba hayumo. Alilaaniwa na baba?*

Nyinyi na tamthilia! Virginia ilikuwa chini ya sheria ya Kiingereza: mtu akifa bila wosia, ardhi yote ilikwenda kwa mwana wa kwanza, na mambo yakaendelea hivyo hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1785. Kwa hiyo mkubwa mara nyingi alikwisha kupewa lake baba angali hai. Tafuta kwenye vitabu vya hati za ardhi pale baba anapompa mwana shamba "kwa mapenzi". Ukikuta mkataba wa kukodisha mwaka mmoja kwa shilingi tano, usidhani ni upangaji. Geuza ukurasa: siku ya pili yake ipo hati nyingine inayomalizia mauzo.

Na ukiwa hapo, mtafute mama. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, kwa hiyo mume akiuza, mke naye aliulizwa faraghani, mume akiwa nje, kama ameridhia. Kwa mamia ya wanawake hapo ndipo pekee jina lao lilipoandikwa. Ukisoma "yatima", ielewe kama inavyoeleweka kwenye fikihi: aliyefiwa na baba. Mama anaweza kuwa hai na ameshaolewa tena.

*Kumbukumbu za kaunti yetu ziliteketea Richmond mwaka 1865. Tumefika mwisho?*

Mwisho wa jina, labda. Shamba lilibaki pale pale. Hati za awali zilizotolewa na serikali ya koloni hazikuungua. Zinaeleza mipaka kwa mti na kijito: mwaloni mwekundu wa fulani, hadi kona ya fulani. Aliyewahi kugombania masale ya mpaka Kilimanjaro anaielewa lugha hiyo. Ichore ramani, waandike majirani wote, kisha wafuate hao katika kaunti za jirani ambazo vitabu vyake vimepona. Tazama pia vitabu vya parokia, kwa sababu kila miaka minne wenye mashamba walizungushwa mipaka yao na majina yakaandikwa.

*Mke wangu ni Mmarekani mweusi. Kuna faida gani kwake kupekua kumbukumbu za wenye ardhi?*

Faida kubwa kuliko wote waliotangulia hapo juu. Tafuta kesi za Anthony Johnson katika kaunti ya Northampton, ambayo vitabu vyake vya mahakama havijakatika tangu 1632. Aliletwa Virginia mwaka 1621 na kuandikwa "Antonio", akawa huru, na mwaka 1651 akapata ekari 250 kwa vichwa vitano. Mwaka 1655 mahakama ilimrudishia Johnson mtumishi wake John Casor, mtu mweusi mwenzake aliyedai kuwa muda wake wa utumishi ulikwisha. Mambo ya aibu nayo yameandikwa. Johnson alipofariki Maryland, jopo la Virginia liliamua mwaka 1670 kwamba alikuwa mweusi na kwa hiyo mgeni, na ardhi yake ikaangukia serikali. Mwaka 1677 mjukuu wake alinunua ekari 44 Maryland, akaliita shamba lile "Angola". Hakuna bibi aliyehitajika kusimulia hilo, limo kitabuni.

Kwa waliobaki utumwani, kumbuka sheria mbili. Ya 1662 ilisema mtoto anafuata hali ya mama, kwa hiyo fuata upande wa mama. Ya 1705 iliwahesabu watumwa pamoja na mali isiyohamishika, ndiyo maana majina yao yamo kwenye hati za ardhi. Mkeo aanze na orodha ya mali ya marehemu badala ya wosia, maana humo mama na mtoto wake mchanga mara nyingi wameandikwa mstari mmoja, bei moja.