Kalamu ya wino huanzia ndani

Kalamu yangu ya kwanza haikuwahi kuonja wino. Nilianza na sura: nikaukereza mwili wake mwembamba, nikausugua msasa mpaka ukang'aa, ndipo nikageukia kutoboa. Keekee ilipofika katikati, akriliki, ile plastiki ngumu niliyokuwa naikereza, ikapasuka kama kaka la yai. Tangu siku hiyo siligusi umbo la nje kabla kazi ya ndani haijaisha.

Kata vipande vitatu: kifuniko, mwili na kishikio, yaani pale vidole vinapokaa. Viache vinene. Toboa kwa mwendo wa taratibu, ukiitoa keekee kila baada ya milimita chache ili vumbi litoke na joto lishuke, maana akriliki ikipata moto hulainika na kuing'ang'ania. Ebonaiti ina uvumilivu zaidi. Huo ni mpira uliopikwa kwa salfa, kwa hiyo karakana itanuka kiberiti na walio karibu nawe watalalamika. Mimi naipenda hivyo hivyo, ingawa nyeusi yake ikikaa sana juani hupauka ikaelekea kahawia.

Hesi za kifuniko ndizo zilizonitoa jasho. Ukikata hesi ya kawaida yenye njia moja, utazungusha kifuniko mara tano sita kila unapotaka kuandika neno, na utaichukia kalamu yako mwenyewe. Tafuta kikata hesi cha njia tatu, yaani kinachochonga mifereji mitatu inayozunguka sambamba. Ninachotumia mimi ni cha milimita 13, na meno yake yameachana kwa milimita 0.8; kwa kuwa njia ni tatu, mzunguko mmoja husogeza kifuniko milimita 2.4, hivyo mzunguko mmoja na nusu hivi unatosha. Kifaa hicho ni ghali, lakini kuliko kununua msasa wa kila aina, nunua hicho. Tundu la kifuniko nalitoboa milimita 12.2. Kisha nazima mashine kabisa na kukata kwa mkono: nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma, nasafisha, naendelea. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Nibu, yaani ncha ya kuandikia, nunua tu, pamoja na kikombe chake chenye hesi kinachoishikilia. Usitoboe kishikio kwa vipimo vya mtu mwingine. Pima kikombe ulicho nacho mkononi, kwa sababu vya viwanda tofauti havilingani hata nibu zikiwa za ukubwa mmoja.

Umbo la nje ni starehe. Angalia tu usile ukuta uliofunika hesi, kisha piga msasa kwa maji ukipanda daraja kwa daraja, bila kuruka, kwani mkwaruzo ulioachwa nyuma huonekana ukishang'arisha.

Kabla ya wino, jaza maji. Funga kalamu, ilaze usiku kucha juu ya karatasi ya shashi. Asubuhi fungua na utazame ndani ya kifuniko: kukiwa na matone, kagua kwanza pale kikombe cha nibu kinapokutana na kishikio. Yangu ya nne ilivuja hapo hapo.