Mkakati Mpya, Jeshi Lilelile?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila baada ya miaka michache tunasikia kwamba Marekani imetoa mkakati mpya wa ulinzi. Je, hubadilisha nini hasa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, waraka peke yake hubadilisha kidogo. Mkakati wa mwaka 2018, uliotolewa Jim Mattis akiwa Waziri wa Ulinzi, ulitamka kwamba hofu kuu si ugaidi tena bali ushindani na China na Urusi. Hata hivyo fedha huidhinishwa na Bunge, na mbunge mwenye kambi au kiwanda jimboni mwake hakubali kirahisi kifungwe. Jeshi la Anga lilipotaka kuziondoa ndege za A-10, zinazosaidia askari wa ardhini kwa kushambulia kutoka angani, Bunge lilizuia kwa miaka kadhaa. Kikosi cha Marine, yaani tawi la jeshi linalovamia nchi kavu kutokea baharini, kwa upande wake kilitangaza mwaka 2020 kuachana na vifaru vyake vyote, na majenerali wastaafu wakalalamika waziwazi.

Kwa maoni yangu, mageuzi yaliyozama zaidi yaliletwa na sheria ya Goldwater-Nichols ya mwaka 1986, baada ya jaribio la kuwaokoa mateka nchini Iran kushindwa mwaka 1980, na baada ya vikosi vilivyovamia Grenada mwaka 1983 kupata shida hata ya kuwasiliana. Sheria hiyo ilinyoosha njia ya amri, kutoka kwa Rais na Waziri wa Ulinzi hadi kwa makamanda wa kanda, wanaoongoza vikosi vya matawi yote katika eneo fulani la dunia, tena ikafanya utumishi wa pamoja na matawi mengine ya jeshi kuwa sharti la kupandishwa cheo hadi ujenerali. Hapo ndipo maofisa, ambao awali walilikwepa jukumu hilo, walipoanza kuligombania.