Anzeni na Nyaraka: Kwa Wanaoingia Katika Harakati za Kutetea Miji

Ninyi mnaojiunga sasa na kazi ya kutetea mitaa, bustani na makazi, nawaomba mpite kwanza kwenye hifadhi ya nyaraka kabla ya kuandika mabango. Mimi nilianza kinyume. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisimama kwenye kikao cha maoni ya wananchi, nikaeleza kwa uchungu kwa nini mtaa fulani usibomolewe, kisha nikaja kugundua kwamba kamati ilikwishapitisha mchoro ule miezi mingi nyuma, wakati hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akisoma mihtasari ya vikao vyake. Makofi niliyopigiwa siku ile hayakumbakiza mpangaji yeyote nyumbani kwake.

Mradi wa jiji una historia yake: mwaka uliochorwa kwa mara ya kwanza, ofisi iliyoulea, fedha zinazoungojea, na mara nyingi kushindwa ambako hakukuumaliza. Barabara ya kasi ambayo Robert Moses, ofisa mwenye nguvu kubwa wa ujenzi wa jiji, alitaka ikate upande wa kusini wa Manhattan, New York, ilikataliwa mwaka 1962. Wakazi walishangilia, lakini mstari wake ulibaki kwenye ramani, mradi ukarudi mezani, na haukufutwa rasmi hadi 1969. Kwa hiyo mkishinda msivunje kamati yenu; ulizeni, kwa maandishi, kama mstari umeondolewa kwenye ramani yenyewe.

Katika pambano hilohilo kuna tukio la Aprili 1968 ambalo huwa nawasimulia wote wanaoanza. Jane Jacobs, mwandishi na mtetezi wa mitaa ya New York, aliwaongoza wakazi kupanda jukwaani wakati wa kikao cha maoni, na katika purukushani utepe wa mashine ya mwandishi wa kumbukumbu ukatawanyika sakafuni. Akatangaza kwamba pasipo kumbukumbu hapakuwa na kikao. Alikamatwa. Siwashauri kuharibu kumbukumbu za mtu, ila nataka muone jinsi alivyoelewa kwamba kikao kile kilikuwa hatua ambayo mradi ulilazimika kuipitia, na kwamba baada ya watu kutawanyika kinachohesabika ni maandishi yaliyobaki. Ndiyo maana maoni yenu yapelekeni pia kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe isikosekane. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi mwaka 1989, barua zake kwa ofisi za serikali na kwa mashirika ya nje zilikuwa silaha kubwa, na mradi huo ukaachwa.

Jihadharini pia na masimulizi yanayompa mtu mmoja ushindi wote. Harakati za kuzuia barabara katika bustani ya Washington Square, nayo ya New York, zilianzishwa mwaka 1952 na Shirley Hayes, miaka kadhaa kabla bustani haijaanza kufungiwa magari mwaka 1958, ingawa leo wengi hutaja jina la Jacobs peke yake. Someni na walioshindwa, tena kwa makini zaidi. Wakazi wa mtaa wa East Tremont, katika Bronx, New York, walijipanga vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1950 kupinga barabara nyingine ya kasi ya Moses, wakawa hata na njia mbadala iliyochorwa na wahandisi, lakini baadhi ya wanasiasa waliowaunga mkono awali waligeuka, na nyumba zao zikabomolewa. Hoja nzuri walikuwa nayo. Walichokosa ni kura pale uamuzi ulipofanyika. Basi jueni mapema ni nani hasa anayepiga kura, na siku gani.

Mkishamaliza nyaraka, nendeni kwa wazee wa mtaa mkaandike wanayoyakumbuka. Mimi huanza na wapangaji, kwa kuwa daftari la ardhi huandika jina la mwenye nyumba, na yule anayehamishwa bila fidia mara nyingi hayumo.