Dogo, kuhusu kuja kutokea kimuziki huku Texas

Dogo, nimeona swali lako kwamba uuze bodaboda uje huku utoke na gitaa, ntakujibu ukweli hata kama hautakufurahisha. Achana na Wabongo wa huku, waangalie kwanza Wachicano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, wao wamezaliwa hapahapa, makaratasi wanayo, Kiingereza wanacho, roki wanaipiga toka miaka ya 50, na bado walichokipitia we acha tu.

Mchukue mwanamuziki Freddy Fender. Jina lake hasa ni Baldemar Huerta, mtoto wa vibarua wa mashambani kutoka San Benito, hukuhuku Texas, akabadili jina ili auzike kwa wazungu. Ndo kwanza nyota inaanza kung'aa, 1960 akakamatwa na bangi Louisiana, akala karibu miaka 3 kwenye jela ya hukohuko inayoitwa Angola. Katoka, watu washamsahau, akaja kushika spana gereji, wikiendi ndo anapiga muziki. Namba moja Marekani nzima kaipata 1975, piga hesabu hapo.

Ritchie Valens aliyeimba La Bamba, jina la ukoo hasa Valenzuela, ajali ya ndege ilimuua Februari 1959 ana miaka 17 tu, hata mwaka mmoja wa ustaa hakumaliza, inaniuma mpaka leo nikimsikiliza. Kundi la Cannibal and the Headhunters wa East Los Angeles walifungua shoo za Beatles 1965, Beatles dogo! na baada ya hapo hiti kubwa nyingine hakuna. Bendi ya Los Lobos wameanza 1973, wamepiga maharusi miaka na miaka, namba moja imekuja 1987 kwa kurudia La Bamba ileile ya Valens.

Jirani yangu Mchicano ni fundi magari. Ijumaa utamkuta anasugua kucha kwa brashi grisi itoke, anapakia ampu kwenye pikapu, anaenda kupiga sherehe ya binti wa watu aliyetimiza 15, hela wanagawana bendi nzima, inabaki ya mafuta na nyuzi. Na anapiga kukuzidi, nakwambia kwa mapenzi.

Kwa hiyo bodaboda usiuze kwa ajili ya muziki. Ule umeme uliosomea VETA ndo utakulipia kodi huku, cheti hawatakipokea hivihivi, utaanza kama kibarua chini ya fundi mwenye leseni, ila kazi zipo. Gitaa beba. Mambo ya viza tuongee Jumapili sina shifti, na mama usimwambie bado.